Hata albamu ya huzuni ina watani wake

 Wiki hii maswali ya wachumba yakae pembeni. Wachumba hawaishi, tutawakuta. Nina barua moja mezani kwangu, na kila nikiifungua najikuta natabasamu mahali ambapo mtu mwenye adabu angesikitika, kwa hiyo bora niijibu yaishe.

Imeandikwa na binti aliyefiwa na baba yake mwaka huu. Hakuomba pole. Anasema tangu arobaini ilipokwisha anasikiliza albamu moja ya roki ya Wamarekani, nyimbo za polepole, za kulia, na nyumbani wameanza kumsema. Shangazi kamwambia anajitafutia maradhi. Kaka yake anasema muziki wa namna hiyo ndio unaowaharibu watoto wa mjini. Mama hasemi kitu, ila akipita mlangoni anasimama kidogo. Binti anauliza: "Dada, ni vibaya? Niache?" Jina la albamu kalitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja deni dogo: Automatic for the People, ya R.E.M.

Hapo ndipo ninapotabasamu. Katika albamu zote za dunia, mdogo wangu, umekwenda kunichukulia ya kwangu. Mimi niliijua kwenye kaseti ya kurekodiwa, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya bluu na nusu yake yamekosewa, na mpaka leo nikiisikia nangoja ile sehemu ambapo utepe wangu ulikuwa umejikunja.

Jibu fupi nalitoa hapa hapa, ili asiyependa roki aende zake kwenye ukurasa wa mapishi. Si vibaya. Usiache. Ila unavyoisikiliza sivyo. Umesema unarudia wimbo mmoja tu, ule wa nne, "Everybody Hurts", mpaka usingizi ukuchukue, na nyingine huzigusi. Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze, na siwezi kulizungumza bila kukueleza hawa watu ni nani na walikuwa wanafanya nini.

R.E.M. walikuwa wanaume wanne wa mji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mji wa chuo kikuu. Michael Stipe aliimba, Peter Buck alipiga gitaa, Mike Mills besi na kinanda, Bill Berry ngoma. Walianza mwaka 1980 kwa kupiga kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa. Miaka mingi walipendwa na wanafunzi na watu wa redio za vyuo, wengine hawana habari nao. Halafu mwaka 1991 wakatoa Out of Time, yenye "Losing My Religion", wimbo unaoongozwa na mandolini, na dunia nzima ikawajua kwa mkupuo.

Bendi yoyote yenye njaa ya pesa ingepakia vyombo na kuzunguka. Wao hawakwenda ziara. Katikati ya mwaka ule ule, Buck, Mills na Berry walijifungia kufanya mazoezi bila mwimbaji wao, wakibadilishana vyombo, na nia yao ilikuwa kutengeneza albamu ya kasi, yenye magitaa ya kelele. Kilichotoka kilikuwa cha polepole. Wakajaribu tena, kikatoka cha polepole. Mwisho wakakubali. Napenda sana habari hiyo, kwa sababu watu wanadhani huzuni kwenye muziki ni mtindo mtu anaouchagua, kama kuchagua rangi ya shati. Hawa walikusudia kucheza, wakakuta mikono haitaki.

Albamu ilitoka Oktoba 1992, nyimbo 12, dakika kama 49. Uingereza ilishika namba moja, Marekani namba mbili, na inakadiriwa imeuza nakala milioni 18 duniani. Kwa hiyo shangazi akikuambia hiyo ni miziki ya wahuni wachache, una la kumjibu. Usimjibu, ni shangazi. Ujue tu mwenyewe.

Jina lenyewe wamelitoa kwenye mgahawa wa pale kwao Athens, Weaver D's, unaouza kuku wa kukaanga na mboga za kupikwa kinyumbani. Lilikuwa kaulimbiu ya mwenye mgahawa, limeandikwa kwenye kibao nje. Wanaume wanne wanatengeneza albamu kuhusu kufa, kuzeeka na kuzika wazazi, halafu wanaipa jina la mahali wanapokula mchana. Shika hapo, nitarudi.

Kwa nini walikuwa na mawazo ya kifo? Walikuwa wameingia miaka ya thelathini, umri ambao simu ya alfajiri inaanza kuwa na maana nyingine. Na ilikuwa miaka ya UKIMWI. Wasanii wengi wa Marekani walikuwa wanazika marafiki, na hata Stipe mwenyewe alizushiwa kwamba ni mgonjwa, uzushi mtupu, mtu yupo hai mpaka leo. Wakubwa zenu wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa. Waliokuwa Kagera miaka hiyo, au waliokuwa na ndugu huko, wanajua ilikuwaje nyumba kutoka kwenye msiba mmoja na kuingia mwingine kabla jamvi halijakunjwa. Hawakuwa wakisikiliza R.E.M., najua. Lakini kifo kile kile kilikuwa kinapita pande zote mbili za bahari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo shangazi na kaka hawaoni, na wewe pia huoni kwa sababu umeng'ang'ania wimbo wa nne.

Umewahi kukaa kwenye msiba wenye watani. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano. Watu wamejikunja, macho yamevimba, mara anaingia mtani amevaa kanzu ya marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu, anadai alikuwa anamdai. Analia kilio cha uongo kinachozidi cha wafiwa. Anazuia jeneza mpaka alipwe. Mjane anacheka, anaona aibu kwa kucheka, halafu analia upya, na kilio cha safari hii kinatoka vizuri zaidi kuliko cha kwanza. Hakuna anayemwambia mtani hana heshima. Kazi yake ndiyo hiyo. Albamu hii, ukiifuata kwa mpangilio wake kuanzia mwanzo, ni msiba wa namna hiyo. Ina wafiwa na ina watani, kuanzia lile jina la mgahawa, na wewe umekaa na wafiwa tu.

Angalia inavyoanza. "Drive" ni gitaa kavu na sauti, haina kiitikio cha kuimba pamoja, na nyuzi za vayolini zinaingia taratibu. Nyuzi hizo, hapa na kwenye nyimbo nyingine tatu, zilipangwa na John Paul Jones, mpiga besi wa Led Zeppelin, mtu uliyetegemea akuletee ngurumo. Akaleta kitu cha kunyamaza nacho, kikapigwa na wanamuziki wa okestra ya Atlanta. Wimbo wa pili, "Try Not to Breathe", ni sauti ya mtu mzee aliyekwisha jitayarisha kuondoka, anazungumza na watakaobaki. Ukisikiliza huo wiki chache baada ya kukaa hospitali na mzazi, kaa chini kwanza.

Na hapo hapo, kabla hujashika kitambaa, anaingia mtani. "The Sidewinder Sleeps Tonite" ni wimbo wa kipuuzi kwa makusudi. Maneno yanakimbizana, hayaeleweki, na katikati Stipe anajikwaa kutamka jina la Dr. Seuss, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, anacheka, na kicheko wakakiacha ndani ya rekodi. Buck aliwahi kueleza kwamba waliuweka pale ili kuvunja uzito wa albamu, na kwamba baadaye wenyewe waliuona mwepesi mno. Mimi na wao hapo tunatofautiana kabisa. Ukiutoa wimbo huo, wa nne unakuangukia kifuani wote.

Na huyo mtani ana ukoo kwetu Afrika. Mwanzo wa wimbo umeazima sauti ya "The Lion Sleeps Tonight", R.E.M. wakailipia haki, na wakaurekodi wimbo ule wa zamani upande wa pili wa santuri yao. Wimbo ule wa zamani ulizaliwa Johannesburg mwaka 1939, ukiitwa "Mbube", na aliyeuimba ni Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds. Alilipwa shilingi kumi. Wamarekani wakaugeuza, ukavuma dunia nzima, na Linda akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikuja kupata makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Nimetoka nje ya njia, najua, lakini kuna huzuni nyingine zinastahili hasira na hiyo ni mojawapo.

Turudi kwenye wimbo wako wa nne.

"Everybody Hurts" uliletwa na Bill Berry, yule wa ngoma, ukiwa kipande kifupi cha dakika moja hivi, hakina kiitikio. Wakauzungusha, wakajaribu njia kadhaa, mwisho wakaupeleka upande wa soul ya zamani, ya akina Otis Redding. Ukisikiliza vizuri utagundua mpiga ngoma aliyeuleta hapigi ngoma mwanzoni. Kinachogonga ni mashine, mashine ya bei poa, tik, tik, haina moyo hata kidogo. Ngoma za mtu zinaingia mbele huko, pamoja na nyuzi za Jones, na zinapoingia unahisi kuna mtu amefungua dirisha. Sijui kama walikusudia, na wala sihitaji kujua. Ndivyo usiku wa kufiwa ulivyo: saa inagonga tu, inagonga, mpaka atokee mtu.

Stipe alizoeleka kwa mafumbo. Nyimbo zake za mwanzo alikuwa anamung'unya, mashabiki wanabishana alisema nini. Huu kaimba wazi, neno kwa neno, kwa sababu waliulenga kwa vijana, na hawakutaka kijana aliyechoka na maisha aanze kutegua mafumbo. Mwaka 1995 shirika la Samaritans la Uingereza, linalopokea simu za watu waliofikia mwisho wa uvumilivu, lilitumia maneno ya wimbo huu kwenye matangazo ya magazeti, pamoja na namba yao ya simu, basi. Video yake iliyoongozwa na Jake Scott ilipigwa San Antonio, Texas: foleni ya magari isiyosogea, na chini ya skrini yanaandikwa mawazo ya kila aliyekaa ndani ya gari lake. Wa Ubungo mtaielewa kuliko Wamarekani. Mwishoni watu wanafungua milango, wanashuka na kutembea kwa miguu.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, hapa naongea kama dada. Wimbo huo ulioukumbatia usiku kucha una maagizo ndani yake. Unamwambia mtu aliye peke yake avumilie, halafu unamwelekeza kwa marafiki. Wewe unausikiliza ukiwa umefunga mlango, simu umeizima, umeurudisha mwanzo kabla haujafika ulipokuwa unakupeleka. Umechukua dawa ukala karatasi. Ukitaka kuutii, ukiisha, mpigie mtu. Hata kama ni kumuuliza kesho atavaa nini.

Na kama usiku wa namna hiyo umeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri usingeamka, hilo halisubiri barua yangu wala wimbo wowote. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, mtu wa kukaa nawe, na nendeni hospitali mkaonane na watu wa afya ya akili. Hospitali kubwa za mikoa zinawahudumia watu wenye mawazo hayo, na kwenda huko si ukichaa wala si kukosa imani. Nawaambia wote mnaosoma, siyo yeye tu.

Baada ya huo kuna kipande kifupi kisicho na maneno, cha kupumulia, halafu unakuja wimbo ambao kwangu ndio moyo wa albamu nzima. Najua wengi watasema ni "Nightswimming". Waseme.

"Sweetness Follows" unaanza na watu wanaojiandaa kuzika baba na mama. Kinanda cha ogani kinavuma chini, na sello inapigwa mpaka inakwaruza, inalia kama chuma. Stipe haipambi sauti yake hata kidogo. Na anachokiimba si uchungu wa kufiwa peke yake. Anaimba ndugu waliokuwa mbalimbali, kila mmoja na shughuli zake, hawakuonana, hawakusikilizana, na sasa wamesimama kwenye kaburi moja wakishangaa walikuwa wapi miaka yote. Jina la wimbo linaahidi utamu utakaofuata. Muziki wenyewe hauna hakika sana na ahadi hiyo, na ndiyo maana nauamini.

Wadogo zangu, nimepokea barua nyingi za misiba kwenye kona hii, na nawaambia, nyingi hazihusu marehemu. Zinahusu waliobaki. Dada mkubwa aliyefunga kabati la mama kabla ya tanga kuanuliwa. Kaka aliyechukua kadi ya gari. Mdogo wa mwisho aliyeuguza peke yake miezi yote na sasa anaambiwa kikao cha ukoo hakimhusu. Watu hawajagombana siku ya msiba, walianza zamani, mzazi ndiye aliyekuwa amekaa katikati. Akiondoka, mnaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kuhusu kaka yako anayelalamikia muziki. Umeniandikia mistari mitatu juu yake na hakuna mahali uliposema amelia. Labda amelia usipomwona. Wanaume wetu tunawapa siku moja ya machozi, makaburini, tena wawe wamevaa miwani, halafu jioni wanahesabu sahani na kuulizwa mchele uliobaki upo wapi. Mwenzake anayelia chumbani kila usiku, kwa sauti ya stereo, anamkumbusha kazi ambayo yeye hajaifanya. Usimpe mhadhara. Mpe wimbo wa sita, mwambie, "Huu mmoja tu, halafu nazima." Akiukataa, ameukataa. Akikaa kimya mpaka mwisho, usiseme chochote, mletee chai.

Nyimbo mbili tatu zinazofuata nitazipita haraka. "Monty Got a Raw Deal" ni juu ya Montgomery Clift, mwigizaji mzuri wa sura aliyepata ajali mbaya ya gari mwaka 1956 na kufa miaka kumi baadaye akiwa na umri wa miaka 45. "Ignoreland" ni hasira tupu juu ya siasa za Marekani za miaka ya Reagan na Bush, na wapo mashabiki wasioipenda wakisema inavuruga utulivu. Mimi naiona ni sawa. Kwenye kila msiba yupo mjomba anayeanza kuitukana serikali ifikapo saa nne usiku. "Star Me Kitten" ni wimbo wa wapenzi waliochoshana. Una hewa ya usingizi, na sina zaidi ya kusema.

Halafu anaingia mtani mkuu. "Man on the Moon", wimbo wa kumi, unamhusu Andy Kaufman, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1984 kwa saratani ya mapafu, umri miaka 35. Mtu huyu alikuwa na mizaha mizito kiasi kwamba alipokufa, wapo waliokataa kuamini. Walidhani ni mzaha mwingine, atatokea. Kaufman alikuwa bingwa wa kumwiga Elvis Presley. Na Stipe, katikati ya wimbo, anamwiga Kaufman akimwiga Elvis, ile sauti ya kukaza mdomo. Niambie kama huyo si mtani aliyevaa kanzu ya marehemu. Muziki ulikuwa tayari muda mrefu bila maneno, wenzake wakambana, na Stipe akawa anazunguka mitaa ya Seattle, walikokuwa wanachanganya sauti, kaseti masikioni, mpaka maneno yakaja dakika za mwisho. Ni wimbo wa kifo na kila mtu anauimba kwa kupiga makofi.

Sasa unaweza kuingia "Nightswimming". Mills kwenye piano, mkono unazunguka pale pale, unarudi, unazunguka tena, pamoja na nyuzi na zumari la obo linalopenya kwa mbali. Inasemwa piano hiyo, ya studio ya Criteria kule Miami, ndiyo iliyotumika kwenye "Layla" ya Derek and the Dominos. Wimbo unawakumbuka vijana waliokuwa wakienda kuogelea usiku. Hakuna aliyekufa humo. Kilichokufa ni wakati, na hakuna anayepokea rambirambi za wakati, kwa hiyo watu wanakaa nayo moyoni miaka na miaka wakijiuliza kwa nini wanasikitika.

Mama anayesimama mlangoni, mdogo wangu, nadhani anausubiri huu bila kuujua. Yeye hajampoteza baba yako wa mwaka huu tu. Amempoteza na kijana aliyekutana naye kabla wewe hujazaliwa, ambaye wewe hukumjua na huwezi kumlilia. Mwite akae. Kama kwenu hapapigwi muziki wakati huu, basi zimeni, msikilizane tu. Muulize baba alikuwa anapenda nyimbo gani ujanani. Ikiwa ni mtu wa rika lile, nitashangaa kama hatamtaja Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu, na nitashangaa zaidi kama nusu ya nyimbo hizo hazitakuwa za kilio zilizopigiwa ukumbi wa watu wanaocheza. Hapo shangazi naye atakuwa hana hoja. Alizicheza.

Wimbo wa mwisho, "Find the River", una jambo moja la kiufundi ambalo huwa nalitafuta kila ninapousikiliza. Mills na Berry waliimba sauti za nyuma kila mmoja peke yake, bila kusikia mwenzake ameimba nini. Mmoja akaenda juu kwa uchungu, mwingine akabaki chini, kimya kimya. Zikawekwa pamoja, zikakubali. Nyumba yenu hivi sasa ina sauti nne: shangazi anaonya, kaka anafoka, mama ananyamaza, wewe unarudia wimbo wa nne. Sitasema zaidi.

Utaratibu, basi. Isikilize mchana, si usiku. Anza wimbo wa kwanza, malizia wa kumi na mbili, usiruke watani. Mara moja kwa siku inatosha, na siku nyingine isikupitie kabisa, nenda kasokote nywele kwa rafiki yako. Hedifoni ziwe za sikio moja ili ukiitwa usikie. Ukijikuta unalia kwenye wimbo wa kuchekesha, usishtuke. Kwangu ni "Man on the Moon" kila mara, na "Everybody Hurts" nausikiliza macho makavu nikikatakata vitunguu.

Wameuliza wengine wawili watatu, walioniona nikiitaja albamu hii zamani, waanzie wapi baada ya hapo. R.E.M. walikaa miaka miwili, mwaka 1994 wakatoa Monster, na hatimaye ile kelele waliyoikosa ikapatikana, magitaa yanaunguruma toka mwanzo. Hiyo ndiyo waliyoenda nayo ziara mwaka 1995, ziara ambayo Berry alipasukiwa na mshipa wa kichwani jukwaani kule Lausanne, Uswisi, akapona, na miaka miwili baadaye akaiacha bendi kwa amani na kwenda kulima. Hata humo ndani ya kelele mna wimbo wa maombolezo, "Let Me In", waliomtungia Kurt Cobain wa Nirvana baada ya kifo chake. Mimi siipendi sana Monster, sitawadanganya. Lakini kwa kudeki nyumba Jumamosi asubuhi haina mpinzani.